Gemu la Nguruwe Ambalo Sikulitengeneza

Kompyuta nilianza kuifanyia biashara kabla sijajua kuiwasha. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asinitafutie sifa ambazo sina. Shule niliishia darasa la nne, mwaka ambao mjomba aliona migomba ya Kinole inanihitaji kuliko hesabu za mafungu. Kwetu Waluguru mjomba ndiye serikali, baba ni mgeni anayeheshimiwa, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kukata rufaa. Na mimi sikulia. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa na fimbo ya mpera, na mpera mimi naufahamu, haukatiki.

Baadaye nikashuka mjini Morogoro, nikapata kazi kiwandani, kazi ya kufunga mabunda, nikazeekea humo. Kisha ukaja ubinafsishaji, neno refu kuliko kiinua mgongo chenyewe. Mwekezaji akaja, akatembea na suti kwenye vumbi, akapiga chafya, na mwezi uliofuata tukabandikiwa orodha ukutani. Mimi nilikuwemo. Alikuwemo pia mpiga chapa wa ofisini, dada mmoja Mbena wa Njombe, mjane, mwenye vidole vyepesi na mdomo mzito. Kwa miaka yote ile alikuwa ananipa shikamoo getini na basi, tulikuwa hatujawahi kuzungumza zaidi ya hapo.

Siku ile ya orodha tulitoka pamoja. Mimi nikasema nitauza ndizi. Yeye akasema, "Mzee wangu, ndizi kila mtu anauza. Mimi nataka kompyuta."

"Kompyuta inaliwa?"

"Hailiwi, ndiyo maana haiozi."

Hapo alinipata, kwa sababu ndizi nazijua zinavyooza. Tukachanga. Tukapanga kibanda karibu na stendi, tukaweka kompyuta mbili kuukuu zilizotoka Ulaya kama mitumba, na waya wa mtandao uliokuwa unafanya kazi pale mvua ikikaa mlimani na kugoma ikiteremka. Yeye alikuwa anachapa barua za watu za kuomba kazi. Wakati ule nusu ya mji ilikuwa inaomba kazi na nusu nyingine imetoka kuachishwa. Mimi nilikuwa nafagia, nakaribisha wateja na kuwasha jenereta, nikajiita mkurugenzi.

Sasa magemu. Siku moja hakukuwa na mteja, nikamkuta anacheka peke yake mbele ya kioo. Mdomo mzito ule kucheka, nikaenda kuangalia. Kuna kijamaa kimesimama katikati ya shamba la mahindi, nguruwe pori wanaingia makundi kwa makundi, na kijamaa kinawatupia viazi. Nikakaa. Niliposimama adhuhuri ilikuwa imepita na sala nimeichelewesha, Mungu anisamehe. Mimi nimelinda mashamba ya kweli kule juu, nimepiga debe usiku kucha kuwatisha nguruwe, na nakwambia yule aliyechora wale nguruwe aliwajua. Wanatangulia wadogo, wakubwa wanasubiri.

"Hili gemu bei gani?" nikamuuliza.

"La bure, mzee. Limetengenezwa na watu mbalimbali duniani, kila mmoja kaongeza kipande chake. Limeandikwa hapa mwanzo." Akanisomea kwa Kiswahili: chukua, mgawie mwenzio, ligeuze upendavyo, hata ukitaka kuliuza liuze, ila majina yetu yaache mahali pake na mwambie anayelipokea kwamba ni la bure. Chini yake majina, mengi, yanapanda kwenye kioo kama siafu.

Mtu mwenye akili angeuliza hao watu wanakula nini. Mimi niliuliza CD tupu zinauzwa wapi.

Tukaanza kuchoma CD. Dada akaweka tangazo kwenye ukurasa mmoja wa mtandao ambako watu walikuwa wanauza magari, viwanja na watoto wa mbwa, na sisi tukajibanza humo katikati. Barua pepe zikaja. Mtu wa Dodoma, mtu wa Mbeya, mtu mmoja Nairobi aliyetaka tano kwa mpigo. CD tulikuwa tunaifunga kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta, inapanda basi kama abiria. Mikese nilipeleka mwenyewe, kwa mwenye duka la nyama choma aliyeweka kompyuta ukumbini ili wateja wasimuulize nyama imefikia wapi. Gairo nako nilipata wateja watatu, wafanyabiashara wa karanga, watu wazima wenye vitambi, wakawa wananipigia simu kulalamika nguruwe wa hatua ya saba hawafi.

Lakini lile andiko la mwanzo lilikuwa linaniwasha. Nikamwambia, "Dada, ukikuta dukani mfuko wa sukari umeandikwa hii ni ya bure, utalipa?"

"Wamesema tuuze, mzee. Hawajakataza. Wamekataza kufuta majina tu."

"Basi tufute majina, kuuza tumesharuhusiwa."

Akakataa. Nikamsumbua wiki nzima, na mtu wa kunishinda kusumbua bado hajazaliwa. Mwishowe akafuta. Mahali pa majina akaweka picha yangu, nimevaa kanzu ya Idi, na maneno niliyoyatunga mimi: Limetengenezwa Morogoro. Ukiwasha gemu unaniona natabasamu. Kwa kweli nilipendeza.

Yangeishia hapo kama si shule. Miaka ile shule za watu binafsi zilikuwa zinaota kama uyoga, na moja ilifunguliwa upande wa Kihonda, ina kuta za rangi mbili na chumba cha kompyuta. Walikuwa wanatafuta mwalimu wa kompyuta. Dada akaomba. Hana cheti cha ualimu, ana cheti cha kupiga chapa tu, na umri umeenda. Alikuwa na binti kidato cha pili, na shule ile ilikuwa inasomesha watoto wa walimu wake bila ada. Kwake yeye kazi ile ilikuwa ndiyo njia pekee ya binti kuendelea. Alinieleza mara moja tu, akageukia mashine.

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Asiyejua na ajue kwamba Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za misafara. Ananitukana simkasirikii, namchukulia kofia hanidai, na kwenye msiba wa kwetu anaweza kuja akalala kwenye mkeka wa marehemu mpaka apewe kitu. Yule bwana alikuja kibandani kumwona mwombaji wake, akaona CD, akaona picha.

"Huyu nyani kwenye kanzu ndiye fundi?" akauliza.

"Ndiye mimi, mtumwa wangu," nikamjibu. "Babu yako alibeba mizigo yetu, wewe umekuja kubeba CD?"

Akacheka mpaka akakaa. Akamgeukia dada akasema ombi lake lilikuwa chini kabisa ya furushi kwa sababu ya cheti, ila kama ndiye aliyefanya kazi na mtu anayetengeneza magemu, basi hilo linazidi cheti. Jumamosi kuna mkutano wa wazazi. Dada aje, na fundi aje aonyeshe.

Alipoondoka mwalimu mkuu, dada hakuwasha mashine. "Mzee, mimi kwenye barua yangu ya maombi sijaandika uongo hata mstari mmoja. Sasa ombi langu linasimama juu ya uongo wako."

"Nitaongea vizuri," nikasema.

"Hilo ndilo linaloniogopesha."

Jumamosi nilivaa kanzu ileile. Wazazi wamejaa, kompyuta imewekwa mezani mbele, na mashine ya kurushia picha imeitupa yangu ukutani, kubwa kama ya mgombea. Nikaongea. Nilieleza jinsi nilivyokesha, jinsi wazo lilivyonijia nikiwa Kinole, jinsi nguruwe wa nne alivyonisumbua. Nilikuwa naanza kujiamini mwenyewe. Dada kakaa mstari wa mbele na kijimkoba magotini, hatazami mtu.

Akasimama baba mmoja mwenye baraghashia, mwenzangu wa msikitini kabisa. "Fundi, gemu zuri. Lakini humu shuleni kuna watoto wa Kiislamu, na mtoto wangu kutwa nzima anataja nguruwe. Wewe ndiye mtengenezaji. Mtoe, mweke ngedere. Ngedere naye anakula mahindi."

Wazazi wakaitikia kuwa ni kweli. Mwalimu mkuu akanisogezea kiti. "Haya, mtani, tufanyie hapahapa."

Nikakaa. Nikaishika ile panya ya kompyuta. Mshale ukaenda kushoto, ukaenda kulia, ukaingia kwenye kona na haukutoka. Jasho lilinitoka mpaka kanzu ikanigandia mgongoni. Nikamtazama dada, nikaona anachosubiri si muujiza. Anasubiri kuona nitamzamisha kwa namna gani.

Nikasimama. Nikasema, "Jamani, gemu hili sikulitengeneza. Nimelibandika picha yangu tu. Ni la bure, la watu wa mbali, mimi nafunga mabunda."

Wakacheka. Mwalimu mkuu ndiye aliyecheka zaidi. "Mnaona Waluguru? Akibanwa anajitia mjinga. Kaa ufanye kazi, mlevi wewe."

"Nasema kweli, mtani."

"Mluguru kusema kweli mbele ya Mnyamwezi, imetokea lini?" Wazazi wakaangua tena.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Nimedanganya robo saa nzima wameamini, nimesema kweli dakika moja wananipigia makofi kwa uchekeshaji. Na ningeweza kuacha vilevile. Nafsi yangu ilinishauri niache. Lakini nikasema, "Basi muulizeni yeye."

Kicheko kikapungua. Mwalimu mkuu akamtazama dada, na safari hii si kwa utani, maana Mbena si mtani wake. "Mama, anasema kweli?"

Dada akasimama na kijimkoba chake. "Anasema kweli. Na majina ya wenyewe niliyafuta mimi, kwa mikono yangu. Alinisumbua, lakini mikono ni yangu."

Mwalimu mkuu akajikuna kidevu. Akauliza, "Ngedere unaweza kumweka?"

"Ninaweza. Si leo. Inabidi nimchore kwanza. Gemu hili limeachwa wazi, sehemu zake zote zinafunguka."

"Na majina unaweza kuyarudisha?"

"Hayo nimekuja nayo." Akatoa CD kwenye kijimkoba, ile ya kwanza kabisa, akaingiza, picha yangu ikaondoka ukutani, majina yakapanda.

Hapo mwalimu mkuu akanigeukia, na macho yake yakawa ya utani tena, yale ya kutisha. "Mtani, una faini. Utatusomea majina yote, kwa sauti, mpaka la mwisho. Ukiruka moja unaanza upya. Ukimaliza, mama anaanza kazi Jumatatu kwa majaribio. Ukishindwa, nitajua Waluguru mmemnyima kazi."

Faini ya utani haikataliwi. Nikasoma. Mimi wa darasa la nne. Kulikuwa na majina yenye herufi zilizosongamana bila pa kupumulia, mengine yana vidoti juu kama yamenyeshewa. Wazazi walicheka kumi ya mwanzo. Baadaye wakaanza kunisaidia, baba wa baraghashia akinitajia moja, mama mwingine akinirekebisha. Nilianza upya mara mbili. Dada alikuwa amesimama kando ananiwekea kidole kwenye kioo chini ya kila jina, na mara ya tatu nikafika mwisho, koo limekauka kama pumba.

Mama mmoja nyuma akauliza, "Hao wote hawakulipwa?"

"Hawakulipwa," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi nililipwa."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Dada alianza Jumatatu. Binti yake akamaliza kidato cha nne palepale. Ngedere alimchora wiki ile ile, mwenye mkia mzuri kuliko nguruwe wote, na akawaandikia wenye gemu barua pepe ya kuungama kwa niaba yetu. Wakajibu kwa upole, wakasema kuuza tuendelee, ila ngedere wamempenda, wanamwomba. Nami nikaendelea kuuza, majina yakiwa juu, na watu wakawa wananunua tu, maana nauli ya kwenda kulitafuta lile la bure inazidi bei yangu.

Siku moja dada akaja kibandani kunionyesha toleo jipya la gemu. Majina yakapanda, na karibu na mwisho likawemo lake. Nikangoja. Yakaisha.

"Langu mbona halimo?" nikauliza.

"Mzee wangu," akasema, "wewe ulichora nini?"