Nyumba ya Mawe ya Trei za Mayai

Katika mtaa wetu hakuna anayetupa trei ya mayai. Ukimaliza mayai, unaiacha kwenye ngazi ya mlango wa Bi Enid Sugden, umeigandamiza kwa chupa tupu ya maziwa ili upepo usiichukue, na siku moja utaiona tena ikiwa ukuta.

Bi Enid aliwapikia watoto wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Nyumba za wanasesere alizianza kwa kukarabati moja mbovu aliyoikuta nje ya duka la mitumba, na tangu hapo meza yake ya kulia haijaona sahani. Nimemtazama mara nyingi akitengeneza mawe ya kuta zake na bado nashangaa. Trei haikati kwa mkasi, maana mkasi huacha ukingo ulionyooka, na hakuna jiwe la milima yetu lililonyooka. Huichana kwa vidole, vipande vidogo kama kucha, akavilowesha kidogo, akavikandamiza kwa mgongo wa kijiko, kisha akavigongagonga kingo kwa mswaki mkuukuu. Hubandika kimoja kimoja juu ya ubao wa droo ya kabati lililovunjika. Katikati hujaza mchanga uliochekechwa na kuchanganywa na gundi. Rangi ni mabaki ya makopo ya majirani na maji ya chai. Mwisho kabisa huchukua masizi ya bomba lake la moshi, akayachanganya na tone la sabuni, akapaka kwa sponji. Nyumba zetu zilijengwa kwa mawe ya rangi ya asali, moshi wa viwanda vya sufu ukazipaka weusi, na mtu wa hapa haamini jiwe safi.

Mwaka juzi, majani yalipoanza kudondoka, jirani yake Mzee Wilfred Haigh alirudi kutoka kliniki ya macho akapitia kwake. Mzee Wilfred alikuwa mwashi maisha yake yote. Nilikuwa nimepeleka trei zetu, nikakaribishwa kiti.

“Wamesema katikati patakwenda,” alisema akivua kofia. “Nitabaki na pembeni.”

“Pembeni mwa nini?”

“Mwa kila kitu. Nikikutazama usoni, nitaona masikio yako.”

“Basi Mungu amekuhurumia,” Bi Enid akamwambia, akammiminia chai.

Wakacheka. Lakini mzee alipoondoka, Bi Enid alikaa akizungusha kikombe kilichokwisha kupoa.

“Nataka aione nyumba yake kabla macho hayajamwisha,” aliniambia.

Nyumba aliyoisema haipo. Wilfred na mkewe Alma waliinunua wakingali vijana, ikiwa gofu, na Wilfred akaujenga upya ukuta wote wa mbele kwa mikono yake, Jumamosi na Jumapili, hadi watu wakawa wanapunguza mwendo wakipita. Baadaye barabara ilipanuliwa, nyumba ikavunjwa. Alma naye alifariki. Picha zilizobaki ni za watu: shangazi fulani, mtoto na baiskeli, na nyuma ya bega la mtu kipande cha jiwe kisichokwambia chochote. Na Wilfred mwenyewe ukimuuliza habari za nyumba ile, alikuwa na jibu moja tu. “Imevunjwa. Basi.”

Bi Enid alijaribu kumuuliza mara moja, akapata jibu hilo hilo. Baada ya hapo hakuuliza tena. Alianza kujenga.

Nilipokuja wiki iliyofuata, kona moja ya nyumba ilikuwa imesimama mezani, na hata mimi nisiyejua kitu niliona ina kasoro. Mawe ya kona yalikuwa madogo, ya urefu mmoja, yamepangwa kama vitabu. Mzee Wilfred alikuwa ameketi akila keki ya tangawizi, akiitazama kona hiyo kwa uchungu.

“Hii kona kapanga nani, mlevi?” akauliza hatimaye.

“Mimi. Kuna nini?”

“Weka refu, weka fupi, refu, fupi. Bila hivyo kona itaikimbia nyumba kama mke aliyechoka.”

“Mbona madogo yanapendeza?”

“Yanapendeza wapi? Kona zangu mimi zilikuwa kubwa hivi.” Akatanua mikono. “Mawe yake niliyatoa kwenye ghala la shamba lililoanguka kule juu. Yalikuwa na alama za patasi za mtu aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa.”

“Alama za namna gani?”

Akamchorea kwa kidole kwenye makombo ya keki, mistari ya kulala, imeinama upande mmoja. Bi Enid akaguna kama mtu asiyejali. Mzee alipotoka, Bi Enid aliibandua kona yote.

Ikaendelea hivyo. Akaweka dirisha la juu lenye nguzo mbili za mawe, mzee akaja juu.

“Langu lilikuwa na moja, mama. Ya pili ilivunjika nikiishusha kwenye lori. Nikataka kulia. Alma akasema heri, mwanga utaingia.”

Bi Enid akaondoa nguzo moja. Akapanga mawe, maungio yake yakafuatana kwa mstari mmoja juu hadi chini. Akaambiwa ukuta huo ungeangushwa na kuku. Kwa kila tusi alipata dirisha, kizingiti, au jiwe moja jekundu ambalo Alma alilichagua mtoni na kulazimisha liwekwe karibu na mlango.

Mimi nilimwonea huruma kwa kukosea sana, hadi siku ya paa. Vigae vya mawe alivitengeneza kwa maboksi ya nafaka, akavipanga vikubwa juu na vidogo chini. Kila mtoto wa mtaa huu anajua ni kinyume. Nikamwambia, taratibu, nikiogopa kumuudhi.

“Nimezaliwa chini ya paa la mawe, mwanangu,” alisema bila kuinua macho. “Ukimwomba Wilf akueleze, atakuambia imevunjwa, basi. Lakini hawezi kupita kazi mbaya akanyamaza.”

Akaendelea kubandika paa lake la kichwa chini miguu juu.

Theluji ilipokuja, mzee alikuwa ameanza kugeuza kichwa ili aone. Alimwaga chai nje ya kikombe, akalilaumu birika. Bi Enid akaacha kwenda kucheza bingo. Vidole vyake vikapasuka kwa maji na gundi, akavifunga plasta, akaendelea kuchana trei. Kuna ukuta wa upande mmoja alioutengeneza na kuubandua mara nyingi hadi ubao ukachubuka.

Nyumba ilikamilika mwanzoni mwa masika, milima ilipoanza kuwa kijani. Akaisogeza dirishani penye mwanga mwingi, akamwita.

Mzee Wilfred aliketi mbele yake, kisha akageuza uso kuelekea jiko, kama mtu aliyesusa. Sasa ndivyo alivyokuwa akitazama. Bi Enid alisimama nyuma ya kiti akikunja na kukunjua kitambaa cha vyombo. Mimi sikuthubutu kuweka kikombe chini.

“Mlango,” mzee akasema.

“Una nini?”

“Wako unafungukia kulia. Wangu ulifungukia kushoto. Alma alikuwa akiusukuma kwa kiuno, kapu la nguo mikononi.”

Bi Enid akakiweka kitambaa chini.

“Unauona mlango?”

“Nauona. Umeuweka vibaya.”

“Hilo sikulikusudia, Wilf.”

“Najua. Ni yale mengine uliyoyakusudia.”

Nikaona shingo ya Bi Enid inapanda wekundu.

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu ile kona. Mtu wa mtaa huu apange kona vile? Hata paka wako angejua.”

“Na ukaniacha nibandue ukuta mzima, majira yote ya baridi?”

“Ningesema,” mzee akajibu, “ungeacha kukosea.”

Bi Enid akaivuta nyumba karibu naye. Akachukua kisu chembamba, akavuta kiti, akaanza kubandua bawaba za mlango. Mzee Wilfred naye akasogea karibu, uso wake ungali umeelekea jiko, akawa anaitazama mikono ya Bi Enid ikifanya kazi.