Tatu, Kimya, Mbili

Jambo lote liligharimu mlango mmoja wa mbao pamoja na bawaba zake, godoro la sponji la mtu mwingine, sufuria zangu kumi na moja, na sikio moja la kushoto ambalo si langu. Nimehesabu mara mbili. Chai sikuitia kwenye hesabu, ingawa nayo ilikuwemo, kikombe kimoja na nusu, na hiyo chai ndiyo inayonisumbua.

Tulikuwa tunakaa bondeni, chini ya Kisugu mjini Kampala, pale kilima kinapokwisha na kinamasi kinapoanza. Vita vya themanini na sita vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Mimi nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Kenya na mzigo wa sufuria, baada ya kusikia kwamba watu wa Kampala wamerudi majumbani wakakuta hata vifuniko havipo. Mji ulioporwa hununua sufuria bila kubishana sana, yaani hubishana nusu saa badala ya saa nzima. Niliuza katika soko la Nakawa, na mzigo ukalala nami chumbani.

Nyumba yetu ilikuwa safu ya vyumba vinne vilivyoshuka na mteremko kama ngazi, vya aina ambayo wenyeji huita muzigo: chumba kimoja, mlango mmoja, kidirisha kimoja, na maisha yako yote humo. Cha juu kabisa alikaa mke wa mwanajeshi, mwanamke wa kaskazini mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, ambaye mume wake alionekana mara moja kwa mwezi kutoka kambi ya Makindye. Kilichofuata alikaa askari wa zamu, naye mtu wa kaskazini, aliyelinda ghala usiku na kulala mchana. Halafu mimi. Cha chini kabisa, kilichopakana na kinamasi, alikaa bibi mmoja mzee aliyekuwa akiuza karanga za kusaga.

Mvua ilikuwa na utaratibu wake, na bibi ndiye aliyeuanzisha. Maji yakifika kizingiti chake, alichukua mchi wa kinu chake cha karanga na kugonga ukuta wangu: tatu, kimya, mbili. Mimi nami niligonga vivyo hivyo ukuta wa askari, naye akagonga wa mke wa mwanajeshi. Mwishowe kila mtu alijibu kwa kugonga mbili, kuonyesha yu macho. Ukishajibu, unapandisha vitu kitandani, unatoka na fimbo ya kupimia mtaro ulipo, unapanda kilimani. Mtaro wa uani ulikuwa mpana na hauonekani maji yakiujaa. Kabla ya utaratibu ule mtu aliwahi kutumbukia humo na kupatikana siku ya tatu.

Askari aliutegemea ukuta kuliko sisi sote. Alilaza godoro lake chini, sakafuni, kichwa kikigusa ukuta wangu, kwa sababu usingizi wa mtu wa zamu hausikii kelele, unasikia mtikisiko. Tulikuwa tumeafikiana kabisa: mimi nimgongee, yeye anipandishie mzigo. Nilijaribu kumwongezea na kuchota maji, akakataa.

"Dada, wewe unagonga mara tano tu. Kuchota maji ni safari."

Bibi alifariki mwanzoni mwa masika, hospitalini, kwa maradhi ya kawaida ya uzee. Watu wake walipitisha mwili nyumbani kuagwa, wakachukua na kitanda. Mchi alichukua mke wa mwanajeshi. Mwenye nyumba akafunga chumba kwa kufuli lake na kuondoka, akisema atapata mpangaji mwingine. Mimi sasa ndiye niliyekuwa wa chini, na hakuna aliyenitangazia. Nilichofanya ni kuita fundi anijengee ukingo wa saruji mlangoni kuzuia maji. Fundi alitaka ufike mapajani. Nikampunguza bei, naye akanipunguzia matofali, tukapatana magotini.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Saa tisa mchana kukawa giza la kuwasha taa. Ndege walinyamaza, mbuzi wa jirani akanyamaza katikati ya mlio, na harufu ya udongo ikaingia kabla ya tone la kwanza. Nilirudi mbio kutoka sokoni. Askari nilimpita mlangoni kwake, macho mekundu.

"Homa," akasema. "Nimemeza dawa chungu ya malaria. Masikio yanapiga kengele tu. Mvua ikikuja, usinisahau."

"Nilishawahi kukusahau?"

"Bado," akasema, akafunga komeo kwa ndani.

Mke wa mwanajeshi alikuwa anaanua nguo. "Wewe mama ya masufuria!" akanipigia kelele. "Funika hiyo mali yako! Hiyo ladi ikikuja itapita kwangu kuuliza bei yako!"

Alikuwa na hoja. Kila mtu pale alijua kwamba radi hupenda kinachong'aa. Nyumba nzima iligeuza vioo na kuvua nguo nyekundu, na mimi nilikuwa na sufuria arobaini na mbili za kung'aa. Nilizifunika kwa mablanketi na leso mbili, nikachomoa waya wa redio, nikafunga mlango na kidirisha, nikapanda kitandani na chupa ya chai. Mvua ikaanguka yote kwa pamoja. Juu ya mabati haikuwa sauti tena, ilikuwa uzito. Radi zilipiga kilimani moja baada ya nyingine, na kila mwanga ulipopita kwenye nyufa za mlango niliona mablanketi yamekaa kama watu waliojifunika kumlilia mtu.

Nilikuwa nimemimina kikombe cha kwanza ndipo ukuta wa chini ukagongwa.

Tatu. Kimya. Mbili.

Sikushtuka mwanzoni, mazoea ni mazoea. Nilinyoosha mkono kwenda ukuta wa pili nimpitishie askari. Mkono ukasimama hewani. Chumba kile kilikuwa kitupu, kufuli liko nje, na aliyekuwa akigonga tulimsindikiza sote hadi kwenye gari.

Nikaangalia sakafu. Kavu. Nikainama nikaangalia tena hadi mlangoni. Kavu kabisa. Nikajiambia: chumba kitupu hakigongi, na sakafu kavu haidanganyi. Nimwamshe mtu wa homa aende wapi, kwenye radi hii, kwa habari ya nani? Nikanywa chai.

Ikagonga tena. Tatu, kimya, mbili. Ilikuwa sauti ya mti, nzito, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni, kama bibi alivyokuwa akiuburuza mchi baada ya pigo la tano. Nywele za mikono zilinisimama na nikazikemea. Nikamimina kikombe cha pili, nusu. Sitaki kusema uongo hapa: niliogopa, lakini zaidi ya kuogopa, nilikataa kufanywa mjinga. Biashara imenifundisha kutomjibu nisiyemwona.

Mara ya tatu haikumalizika. Ilikuja tatu, ikaja kimya, na mbili hazikuja. Niliketi nikizingoja mbili zile na kikombe mdomoni. Wakati nangoja, mstari mwembamba wa maji ukaanza kushuka kwenye ukingo wangu wa saruji, taratibu, kama mtu anayemimina asimwage.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Sakafu yangu ilikuwa kavu kwa sababu ya ukingo, si kwa sababu hakukuwa na maji. Nje maji yalikuwa yamefika goti. Na sakafu ya askari ilikuwa juu ya yangu kwa shubiri moja tu, wala yeye hakuwa na ukingo.

Niligonga ukuta wake kwa sufuria, si tatu wala mbili, niligonga ovyo. Ukuta haukunijibu.

Nilipofungua mlango uwanja haukuwepo. Kulikuwa na maji ya kahawia, yametulia, yako sawa na ukingo wangu, na mvua ikiyatoboa. Maji ya mafuriko nilidhani yana kelele. Yale hayakuwa na neno. Yaliingia chumbani nyuma yangu nami sikugeuka, na mlango nikauacha wazi, ndiyo maana nasema sufuria kumi na moja. Nilivuka ukingo, nikashika ukuta kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, nikachovya mbele ya kila hatua. Hatua ya nne fimbo haikupata chini. Nikabanana na ukuta kama bango la uchaguzi.

"Mama afande!" nikaita. "Mama afande! Askari yuko ndani!"

Alitoka bila kuuliza, gauni kalikunja kiunoni, na mkononi ameshika mchi wa bibi. Nilipouona nilisahau nimemwitia nini.

"Huo mchi," nikasema, "ulikuwa wapi saa hii yote?"

"Chini ya kitanda yangu! Unataka kuununua sasa? Sogea!"

Alipiga mlango wa askari kwa mchi, pale alipokisia komeo liko kwa ndani, mara sita. Mara ya saba bawaba zilitoka zenyewe na mlango ukaelea. Ndani mlikuwa na giza na kandambili mbili zikizunguka polepole. Godoro lilikuwa limezama. Askari alikuwa amelala juu yake kwenye maji, kichwa kimeegemea ukuta wangu, kimepinda, sikio la kushoto majini, na mdomo umebaki juu kwa vidole viwili. Nilivipima baadaye kwenye alama ya matope. Vilikuwa viwili.

Tulimvuta, mmoja kila kwapa. Alikohoa, akatapika maji na dawa, akafumbua macho. Tulimkalisha kwenye kitanda cha mke wa mwanajeshi, akafunikwa mashuka yote yaliyokuwepo. Radi zilikuwa zimehamia upande wa ziwa. Alipopata sauti alinitafuta mimi.

"Dada, asante," akasema. "Ile kugonga yako ndiyo iliniokoa. Kuamka nilishindwa, mwili umekufa na dawa. Lakini nikasikia kwa kichwa: tatu, ukanyamaza, halafu mbili. Nikajivuta nikaweka kichwa kwa ukuta. Ukagonga tena, nikajivuta tena. Bila hiyo mimi nilikuwa nimeisha."

"Huyu hata salamu hatoi bure," mke wa mwanajeshi akasema, "leo amegonga bure."

Walicheka. Mimi nilikuwa nimekaa futi mbili kutoka kwenye ukuta ule muda wote, na hadi nilipoupiga ovyo kwa sufuria haukuguswa na mtu.

Kesho yake mwenye nyumba alikuja na ufunguo akafungua chumba cha bibi, nami nikaomba kuingia. Tope lilikuwa limetanda sakafuni laini kama uji uliopoa, bila unyayo, bila kigoda, bila kopo lolote la kuelea na kugonga. Ukutani, upande wangu, kwa kimo cha bibi, palikuwa na vile vishimo alivyovichimba kwa mchi miaka yote ile. Nilivihesabu. Nikavihesabu tena. Hesabu mbili hazikulingana, na mimi hesabu zangu hulingana. Nikatoka.

Sikio la askari lilioza kwa maji yale machafu na halikusikia tena. Alipopona akaanza kunibebea mzigo kila Jumamosi hadi Nakawa. Nilipompa malipo alikataa. Nilipompa pungufu ili abishane, alikataa pia. Nilitoka bondeni nikapanga juu ya kilima, na bado alikuja. Amenibebea hivyo miaka na miaka, na kila mara mawingu yakikusanyika huwaambia watu sokoni habari ya dada aliyemgongea ukuta. Wananitazama kwa heshima ambayo sikuitolea hata shilingi.

Sasa kwao kaskazini vita vimetulia na anarudi kulima. Ameniletea ujumbe kwamba Jumapili atakuja kuniaga pamoja na mke wake, na kwamba watakuja na mbuzi. Mbuzi! Nikimwambia ukweli, namwambia kwamba nilisikia mapema, nikanywa kikombe kimoja na nusu, na yeye akalala majini kwa sababu yangu. Na nikishasema hivyo ataniuliza ni nani basi aliyegonga kichwani pake, nami sina jibu la kumpa aende nalo safari yote ile. Nikinyamaza, nampokea mbuzi wa mtu mwingine. Jana nilishika karatasi nimwandikie, nikaichana. Leo ni Ijumaa. Ninyi mnaosoma hapa, mliowahi kushukuriwa kwa kitu msichokifanya, nishaurini: nimwambie, au nichinje?