Spea Tutapata Wapi?

Juzi huku ughaibuni, kwenye metro kutoka Al Qusais, niliketi karibu na dada Mkenya mwenye sare ya mhudumu. Hakutulia. Kila kituo alitazama simu. Mwenzake, wa Mombasa kwa lafudhi, akamuuliza, "Shoga, hao Warusi wako wameuza ndege?"

"Bado. Bosi amesema wakipata mteja kwenye haya maonyesho ya ndege, watafungua ofisi hapa na wataniajiri. Wasipopata, khalas, narudi nyumbani."

"Kwani ndege zenyewe mbaya?"

"Nzuri! Na bei nafuu. Wageni wanaingia, wanakalia viti, wanasifu. Halafu lazima mmoja aulize, 'Ikiharibika, spea tutapata wapi?' Hapo bosi ananigeukia: 'Lete chai!'"

"Na leo umepeleka chai sana?"

"Wacha tu. Mkono unaniuma."

Mwenzake akacheka. Yeye akatazama simu tena.

Nilitaka kumpa moyo, lakini haya ikanizuia. Tena ningemwambia nini? Nilikuwa nimempakata mwanangu, na kigari chake kizuri, cha bei nafuu, kimekunjwa miguuni pangu. Gurudumu lilivunjika zamani. Kila nikienda dukani kuliulizia, muuzaji ananikaribisha chai.