Marehemu Aliyecheza Mwomboko

Emmy Jepleting alimwona mdogo wake akicheza mwomboko, ngoma ya Wakikuyu, Jumapili mchana, katikati ya Nakuru, watu wakila nyama na kupiga makofi.

Shida ni moja tu.

Mdogo wake alikuwa marehemu.

Na si marehemu wa kusikia kwa watu. Emmy mwenyewe alishika mchanga akautupa juu ya jeneza. Yeye ndiye aliyemkamata mama yao kiunoni asijitupe ndani ya kaburi. Mwaka wa tatu huo, na kaburi liko kule nyumbani upande wa Molo, mwisho wa shamba la viazi.

Emmy ameniruhusu nisimulie, mradi nisitaje hoteli. Sitaitaja.

Tangu Kigen azikwe, mama yao alikuwa ametoka nyumbani kwa sababu mbili tu, kanisa na kliniki. Kigen alikuwa kitinda mimba wake, na baba yao alishafariki kitambo. Mama aliacha kucheka. Presha ikapanda mpaka daktari akamwita Emmy kando.

"Huyu mama asishtuliwe," alimwambia. "Habari mbaya ama nzuri, zipite kwenu kwanza."

Basi Mama alipofikisha miaka sitini, Emmy na mumewe Bethwel wakaamua kumtoa. Wanaishi Nakuru hapo, Bethwel ni mwalimu. Kuna hoteli moja yenye bustani ambayo Jumapili huwa na siku ya utamaduni. Kila jamii na chakula chake, kila jamii na ngoma yake. Unakula, unaangalia watu wakicheza, unarudi nyumbani tumbo likiwa mbele yako.

Mama alikataa. Emmy akambembeleza. Akakataa tena. Mwisho akasema, "Haya, lakini nisionyeshwe uma na kisu."

Alikuja amevaa kitambaa kipya kichwani, ameshika mkoba kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa wezi wa kanisani.

Wakaletewa mursik, maziwa ya mgando ya Kikalenjin. Mama akaonja, akaangalia ndani ya kikombe.

"Boss," akamwambia mhudumu, "hii ni mursik ama ni maziwa ililala vibaya?"

Bethwel alicheka mpaka akapaliwa. Mhudumu akacheka. Na Mama, wallahi, Mama naye akacheka.

Emmy aliinamia sahani yake ili asilie. Alikuwa amesahau kwamba mama yake ana pengo upande wa kulia.

Hapo ndipo mwenye kipaza sauti akasema, "Makofi kwa watu wa mwomboko!"

Kinanda cha kukunjua na kukunja kikaanza. Wachezaji wakatoka wawili wawili, hatua mbili mbele, wanainama, wanazunguka. Mbele kabisa alikuwa mama mzee mwenye leso ya manjano, ameshikana na kijana mrefu.

Emmy alimwangalia yule kijana bila kufikiria chochote.

Kisha kijana akageuka, na bega lake la kushoto lilikuwa juu kidogo kuliko la kulia.

Kigen alianguka kutoka kwa punda akiwa mdogo. Bega halikurudi sawa. Ungemtambua kwa mbali, hata kwenye ukungu wa Molo.

Uma ukasimama njiani kuelekea mdomoni.

Uso ulikuwa umekomaa. Kulikuwa na ndevu. Lakini masikio yalikuwa yale, na tabasamu lile la upande mmoja, la mtu aliyeiba sukari.

Mama alikuwa ameipa ngoma mgongo, anachagua mifupa. Akasema, "Hii muziki ni tamu. Hebu nione." Akaanza kugeuka.

Emmy akalisukuma bakuli la supu. Yote ikamwagikia meza, ikamwagikia mapaja yake mwenyewe. Ilikuwa moto. Hakusikia.

"Woi, Emmy!" Mama akaruka na vitambaa vya karatasi, akaanza kumpanguza kama mtoto.

Emmy akamwinamia Bethwel sikioni. "Mpeleke Mama akaone vyakula vya kule mwisho. Asiangalie huku. Usiniulize."

Bethwel akauliza kwa macho. Kisha akafuata macho ya mkewe mpaka kwa wachezaji.

Rangi ikamtoka. "Yesu," akasema polepole.

Kwa hivyo haikuwa wazimu. Bethwel naye alikuwa amemwona.

Akamshika Mama mkono. "Mama, twende tuone kama hawa watu wanajua kupika mboga ya sagaa."

"Hawajui," Mama alisema, lakini akaenda.

Ngoma ilipoisha, wachezaji waliingia nyuma ya hema ya turubai. Emmy akawafuata. Aliwapita wasichana waliokuwa wakivua shanga, akamwona amewapa mgongo, anakunywa maji kwenye chupa.

Hakuita jina. Alimuuliza tu, kwa lugha ya nyumbani, swali ambalo alikuwa akimuuliza kila siku wakitoka shule. Umekula?

"Bado," kijana akajibu kwa lugha ileile, kabla ya kugeuka.

Chupa ikaanguka.

Wakaangaliana.

"Madam, nafikiri umenifananisha," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Mimi naitwa Ken."

"Nilikubeba mgongoni, wewe."

"Madam..."

"Kigen!"

Akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Ungefikiri Emmy angemrukia kwa furaha. Furaha haikuja. Hasira ndiyo iliyofika kwanza. Alimpiga ngumi za kifua kama anagonga mlango, na kijana hakujikinga.

Kisha wazo lingine likamfikia, baridi, kama maji ya asubuhi. Akaacha kumpiga.

"Kigen. Sasa tulimzika nani?"

Kigen akachungulia nje ya hema kwanza. Akamvuta dada yake nyuma ya viti vilivyopangwa, akaongea kwa haraka, maneno yakigongana.

Wakati ule alikuwa utingo wa lori la viazi, hilo Emmy alilijua. Siku ya ile ajali iliyosemekana imemuua, lori lilikuwa linaenda Nairobi. Kigen alikuwa na jino linamuua. Walipofika Nakuru akashuka atafute daktari. Rafiki yake mmoja, Thuo, waliyezoea kupakia naye mizigo, alikuwa anataka lifti mpaka Naivasha amwone mama yake.

"Nikamwambia shika nafasi yangu. Nikampa na jaketi, kulikuwa na baridi."

Lori halikufika Naivasha. Lilipinduka likashika moto. Dereva hakupona. Mwenye lori alijua utingo wake ni Kigen, akapigia familia ya Kigen. Mwili haukutambulika, lakini kipande cha jaketi kilibaki, na Mama ndiye aliyeinunua jaketi hiyo. Hakuna aliyeuliza zaidi.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilisikia kesho yake. Nikasema kabla ya yote nimwambie mama yake Thuo, asije akasikia kwa watu. Nikaenda kwake Kihoto, kando ya ziwa la Naivasha. Ziwa lilikuwa limeingia kwa nyumba. Nikamkuta amesimama ndani ya maji, godoro kichwani, peke yake. Akaniona akasema, 'Thuo amekutuma unisaidie kuhama?' Emmy, ningesema nini? Nikasema ndiyo."

Emmy akaanza kulia.

"Nikasema nitamwambia tukimaliza kutoa vitu. Tukamaliza, akanipikia. Nikasema kesho. Kesho akawa mgonjwa. Nikamwambia Thuo amepata kazi Qatar, simu huko ni ngumu. Halafu nikasikia mmeshanizika."

"Na ukanyamaza."

"Ningerudi hai, mngefukua lile kaburi. Habari ingeenea. Angejua."

"Kwa hivyo ulikuwa na mama wawili, ukachagua mmoja."

Kigen akainamisha kichwa.

"Ken?" Sauti ya mwanamke, nyuma yao. "Ni nani huyo anakulilia?"

Yule mzee mwenye leso ya manjano alikuwa amesimama mlangoni mwa hema.

Kigen akamkaba Emmy mkono mpaka ukauma. "Ndiye mama yake Thuo," akanong'ona. "Mama Mugure. Usimwambie. Nakuomba, Emmy, usimwambie."

Emmy hakupata nafasi ya kuamua.

Turubai ya upande wa pili ikafunuka. Mama akaingia, mkoba mikononi, na nyuma yake Bethwel anahema.

"Nilijaribu," Bethwel alisema. "Amesema si mtoto, haonyeshwi sagaa kwa nguvu."

Mama hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amemwona kijana.

Emmy alikimbia na kiti. "Mama, kaa! Bethwel, maji! Mama, pumua!"

Mama hakukaa. Hakuanguka. Alitembea mpaka kwa Kigen, akanyoosha mkono, akalishika lile bega la kushoto. Akalibonyeza kama mtu anayejaribu parachichi sokoni. Akalishika tena.

Akampapasa mashavu na shingo.

"Uko na joto," Mama akasema mwishowe.

"Mama..."

"Nyamaza kwanza." Sasa ndipo alipokaa, polepole, mkono bado umeshika shati la mwanawe. Akakataa maji. Akafikiri. Kisha akauliza lile swali ambalo bintiye aliuliza. "Yule nilimzika ni wa nani?"

Huko nje watu walikuwa wanapigia ngoma nyingine makofi.

Kigen alipiga magoti. Akamtazama Mama. Akamtazama Mugure. Akatazama chini.

"Sema, Ken," akasema Mugure.

"Mathe, sijui nianzie..."

"Sema. Nimengoja ya kutosha."

Kigen akainua kichwa.

"Unafikiri sikujua?" Mugure aliendelea, sauti haikupanda. "Thuo hakuwahi kunituma mtu. Yeye alikuwa anakuja mwenyewe. Siku ile kwa maji, uliposema ndiyo kwa ile sauti, nilijua sina mtoto tena."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema. Na ukisema, basi, imeisha. Nikaona acha akae Qatar kidogo."

Kigen alilia kama mtoto. Akasema yote, pale chini, jino, lori, jaketi, moto. Mugure alisikiliza amesimama, leso ameivuta mpaka mdomoni. Kigen alipomaliza, mzee akauliza jambo moja tu.

"Na huyu ni nani amekaa hapa?"

"Ni mama yangu."

Kofi la Mugure lilisikika mpaka jikoni.

"Uliniambia wewe ni yatima!" Sasa ndipo sauti ilipopanda. "Mimi nilinyamaza nikijua ninajiumiza mwenyewe. Kumbe kuna mwanamke mwenzangu analia juu ya mtoto aliye mezani kwangu? Kumbe nilikuwa nakula chakula ya mtu?"

Akamgeukia Mama. Akaanza kushuka apige magoti, magoti ya uzee, yanagoma.

Mama akamwahi. Akamshika viwiko.

"Usinipigie magoti. Kaa hapa." Akamsogezea nusu ya kiti. Wakakaa wamebanana, wanawake wawili ambao hawakuwa wamejuana asubuhi hiyo, wa lugha mbili ambazo kule kwetu zimewahi kufukuzana mashambani.

"Nikwambie," Mama alisema. "Mtoto wako hakuzikwa kama mtu asiye na watu. Kanisa lote lilikuja. Kila asubuhi naenda pale kabla ya kukamua. Nang'oa magugu, namwongelesha, nalia kidogo, narudi. Hajakaa hata siku moja bila mtu wa kumlilia." Akavuta pumzi. "Ni vile tu nilikuwa namwita jina lingine."

Mugure akaweka kichwa kwenye bega la Mama, na hapo, kwa mara ya kwanza, akamlilia mwanawe kwa sauti.

Emmy anasema hajawahi kusikia kilio kama kile. Kilikuwa na uchungu, lakini pia kilikuwa na kitu kama mtu anayetua mzigo.

Mengine yalifuata kwa njia yake. Polisi walielezwa, chifu akaelezwa, vipimo vikafanywa. Mugure alifika Molo, akasimama mbele ya msalaba ulioandikwa jina lisilo la mwanawe, akasema kijana huyo asisumbuliwe tena, abaki pale. Msalaba ukabadilishwa. Ibada ikarudiwa, safari hii na nyimbo za Kikuyu, na majirani waliokuja kuzika mara ya kwanza wakaja tena.

Kigen alirudi nyumbani. Usidhani alirudi kwa shangwe. Mama alimpikia siku ya kwanza, lakini alikaa wiki nzima bila kumwongelesha. Emmy bado kuna siku anamwangalia na hasira inamrudia upya, na hafichi hilo. Kumsamehe mtu aliyekufanya umlilie bure si kazi ya siku moja.

Mimi nilimuuliza Emmy, unataka watu washike nini kutoka kwa haya?

Akaniambia hivi. Kigen hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na huruma, na huruma hiyohiyo ndiyo ilimfanya mama mmoja alie juu ya kaburi la mtoto wa mwingine, na yule mwingine ameze kilio chake mpaka kikakaribia kumuua. Habari mbaya ya mtu ni mali yake. Ukimkalia nayo kwa sababu unamhurumia, hujamhurumia. Umemwibia.

Kwa hivyo kama kuna mlango unaopaswa kuubisha, na umekuwa ukisema kesho, nenda. Utatetemeka. Nenda tu hivyohivyo.