Kulwa na Doto wa Beseni la Bluu

Harufu ya dagaa waliolala siku mbili huwakimbiza watu sokoni. Mimi hunisimamisha. Nikiisikia tu, narudi Mwakitolyo, uani kwetu, nina miaka tisa, nimechuchumaa mbele ya beseni la bluu, nawalisha dagaa kobe wangu wawili wa maji.

Aliyewaleta ni mjomba wangu, dereva wa lori, kutoka huko Ruvuma. Hawakufanana na kobe tuliowazoea. Mgongo wao haukuwa na gamba gumu. Ulikuwa ngozi tupu, laini na baridi, na pua yao imechongoka kama mrija. Kwa kuwa walikuja wawili, mama akawaita Kulwa na Doto, kama mapacha wowote wa Kisukuma. Niliwawekea mchanga chini ya beseni, wakajifukia hadi zikabaki pua tu. Siku Kulwa aliponing'ata kidole nililia sana, mama akasema hata mgeni ana haki ya kukasirika.

Kazi iliyonichosha ilikuwa kubadilisha maji. Kisima kilikuwa mbali, nami, niwaambieni ukweli, nilikuwa mvivu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mwalo, pale wachimbaji wanapooshea mchanga wa dhahabu, na kando yake dimbwi lisilokauka. Nikawa nachota humo.

Mpangaji wetu wa chumba cha uani, Baba Mhoja, mchimbaji kutoka Samuye, aliniona na ndoo. Aliniita mayu, yaani mama, kama wazee wa Kisukuma wanavyowaita wasichana.

"Mayu, maji hayo usiwape. Yana zebaki."

Nilimwitikia kwa adabu, lakini sikumwamini hata kidogo. Zebaki niliijua. Wachimbaji waliibeba kwenye vichupa, wakaimimina kiganjani ikameta, na ndiyo iliyokamata dhahabu. Kitu kizuri namna ile kingemdhuruje kobe? Nikaamua huyu mzee hataki nichote dhahabu yake dimbwini. Tena shuleni tulikuwa tukinong'onezana kwamba mchimbaji akikosa mali kwa muda mrefu, mganga humtuma alete mnyama wa ajabu. Na Baba Mhoja alikuwa amekosa mali muda mrefu.

Tangu hapo nikawa askari wa beseni. Asubuhi, kabla hajaenda kwenye duara, shimo lake la kuchimbia dhahabu, alikuwa akisimama pale na kuwatazama wanangu. Mara moja nilimwona ametumbukiza mkono majini, nao unatetemeka. Nikajua huo ni mkono wa mtu mwenye hatia.

Kisha Kulwa akaacha kula. Mgongo wake ukatoka mabaka meupe, na asubuhi moja nikamkuta anaelea, tumbo juu. Sijawahi kulia vile. Nilikimbilia jikoni na kumwambia mama kwamba nimemwona Baba Mhoja akimwaga kitu ndani ya beseni.

Sikuwa nimemwona akimwaga chochote.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema, akaweka mwiko chini.

Alimkuta mlangoni kwake anafunga viatu. Akamuuliza mbele yangu kama ni kweli. Baba Mhoja aliziacha kamba za viatu. Alinitazama mimi kwanza, nami nikashika nguo ya mama.

"Mama Limi, mimi sina neno na mtoto," alisema. "Kama hamnitaki, nitaondoka."

Mchana akaondoka na godoro lake. Niliporudi kwenye beseni, Doto hakuwepo. Majirani wakaja kutikisa vichwa, na mimi, kati ya machozi, nilifurahi. Nilikuwa nimesema kweli! Kwa miaka mingi nilisimulia hadithi hiyo nikijisifu kwa macho yangu makali.

Nilipokwenda kusomea uuguzi, mwalimu alitufundisha siku moja kuhusu zebaki: inavyobaki majini, inavyopenya hata kwenye ngozi, inavyowatetemesha mikono wachimbaji walioishika miaka mingi. Wenzangu waliandika. Mimi niliiona migongo ile ya ngozi tupu, ikinywa maji niliyoyachota mwenyewe.

Jioni nilimpigia mama na kumwambia yote, pamoja na ule uongo.

"Siku ile alipoondoka alipita kwangu na ndoo," akasema. "Aliniambia, mwambie mtoto nampeleka huyu mmoja kwenye lambo la kwetu, kuna maji safi, akimtaka aje amchukue. Nilidhani ananihadaa tu. Ndiyo maana sikukwambia."

Samuye si mbali na hapa ninapofanya kazi. Mara mbili nimepanda gari hadi nusu ya njia, nikashuka na kugeuza. Siogopi kwamba Baba Mhoja atanifukuza. Naogopa nitamwamkia shikamoo, naye ataniitikia marahaba, mayu, kisha ataniongoza lamboni bila kuniuliza lolote.