Kabureta Mbili na Rangi ya Kucha

Gari langu la zamani, ambalo injini yake hupozwa kwa upepo, lilikuwa na kabureta moja na halikuwahi kunisumbua. Mtu aliyesoma chuo kikuu hawezi kuvumilia hali kama hiyo. Nikafunga kabureta mbili, tena nikachagua zile zinazong'aa zaidi, siku tatu kabla ya kumpeleka mke wangu kwenye harusi ya mdogo wake, huko Mununga.

Nilizungusha skrubu huku nikisoma kitabu. Kabureta ya kushoto ikitulia, ya kulia inakohoa. Siku ya tatu mke wangu akamwita fundi wa injini za boti, Mkongomani wa hapa Nchelenge. Alikuja na kipande cha mpira wa maji tu. Ncha moja akaitia sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, akasikiliza upepo unavyoingia.

"Papa Profesa," akasema, akigusa chuma chembamba kilichounganisha kabureta hizo, "hii fimbo inafunga zote mbili. Ukigusa moja, ingine inatikisika. Juu ya nini haukuifungua kwanza?"

"Kitabuni imo," nikajitetea, "ila nilikuwa sijafika ukurasa huo."

Akaifungua fimbo, akasawazisha pumzi za kabureta zote mbili, akairudisha. Injini ikanguruma kwa sauti moja. Mke wangu akaleta rangi yake nyekundu ya kucha, akapaka kila skrubu.

"Nikikuta rangi imepasuka," akaniambia, "nitajua ni wewe."

Harusini tulifika mapema. Alikagua skrubu kabla ya kumsalimia bibi harusi.