Nzi wa Kwenye Kilemba cha Mama Mkwe

Jamani, hii aibu nimeibeba tangu mvua za Aprili na leo naitua, mcheke mmalize. Kazi yangu hapa Gatitu ni kutengeneza nzi bandia wa kuvulia: nachukua ndoano ndogo, naizungushia uzi na manyoya ya kuku mpaka ifanane na mdudu wa majini, samaki wa trauti aidake akidhani ni chakula. Sasa mwenye duka la wavuvi alikuwa amenirudishia trei nzima, akasema samaki wanawapita tu nzi wangu, na kama Jumatatu sitaleta anayefanana kabisa na wale wa kinamasini (wa kijivu, mkia nyuzi tatu, akishaota mabawa hamalizi hata siku mbili), kazi atampa mwingine.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu, Ndirangu, mchumba wangu, akanipeleka kwao Mweiga nikawaone wazazi wake mara ya kwanza. Nikavaa nguo nyeupe (nyeupe, na nilijua kuna kinamasi chini ya boma!). Tukasimama uani, baba yake akaanza kuombea chakula, na mnajua maombi ya wazee wetu, yanaanzia kwa ng'ombe yanafika mpaka kwa serikali na chai inapoa. Nikafumbua jicho. Moja tu.

Mdudu wangu alikuwa ametua kwenye kilemba cha mama mkwe.

Kijivu ile ile, nyuzi tatu! Nikajiambia Mungu amejibu hata kabla ya amina, nikanyoosha mkono polepole, nikashika kilemba badala ya mdudu, kilemba kikatoka, mdudu akaruka kuteremka, nami nyuma yake na kilemba cha watu mkononi, viatu vya kisigino na vyote, mpaka kwenye matete, mpaka nikazama kiunoni. Lakini nilimdaka! Huko juu nikasikia "Amina!" na macho ya ukoo mzima yakafumbuka kwa pamoja.

"Wangeci," mama akaniita, kichwa wazi, "ati umeacha maombi ukimbize nzi?"

Nilitamani kinamasi kinimeze na sehemu iliyobaki. Nikaeleza yote mle mle matopeni, ngumi juu, machozi yakinitoka. Mama akaingia ndani. Kisha akashuka na glasi.

"Weka hapa kabla hajakufa. Na hiyo jogoo tumekuchinjia iko na manyoya rangi kama hii. Ndirangu, kimbia jikoni, ya shingo yasitupwe!"

Usiku huo sikulala, Jumapili nikamtazama yule wa kwenye glasi nikatengeneza nzi kumi na wawili. Jumatatu mwenye duka akarusha mmoja mtoni, na trauti akamrukia kabla hajatulia juu ya maji. Kazi ni yangu! Siku hizi natengenezea wavuvi mpaka wa Timau, na mama mkwe anafuga majogoo ya kijivu kwa ajili yangu peke yangu.

Nimeapa sitafumbua macho tena kwenye maombi. Shida ni kwamba mama hakuapa. Jumapili iliyopita kanisani, pasta akiwa katikati ya kuomba, nikasikia kiwiko kwenye mbavu.

"Wangeci," akaninong'oneza, "kuna mwingine kwa koti ya pasta."